Namna ya Kutafsiri Majina ya Kiingereza ya Mifugo: Mwongozo Kamili

"Fahali sita wa dukani." Ndivyo *six store bullocks* inavyotoka mara nyingi kwa Kiswahili, na kilichosalimika hapo ni ile sita peke yake. *Bullock* wa mkulima wa Uingereza si fahali, maana amehasiwa. *Store* nayo haihusiani na duka: ni mnyama aliyekwisha kukua umbo lakini hajanona, anauzwa kwa mtu mwingine akamnenepeshe.

Chanzo cha makosa haya ni kimoja. Kiswahili kina jina la mnyama, halafu kinaongeza maelezo: ng'ombe dume, ng'ombe jike, ng'ombe aliyehasiwa. Maneno ya peke yake kama mtamba na maksai ni machache. Kiingereza cha shambani hubadilisha jina zima kila mnyama anapovuka kituo cha maisha: akihasiwa ana jina lake, akizaa mara ya kwanza lingine, akichinjwa lingine tena. Kamusi ikikupa neno moja kwa neno moja, habari nusu nzima imeanguka njiani.

Mwongozo huu ni wa mfasiri, afisa ugani, mwanafunzi wa mifugo na mfanyabiashara anayesoma matangazo, mikataba na maelekezo ya dawa. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wanaoruka hatua ya tatu ndio wanaorudi kuuliza.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Kamusi mbili. Moja ya Kiingereza kwa Kiingereza inayoonyesha matumizi ya Uingereza na ya Marekani, nyingine ya Kiingereza kwa Kiswahili. Ya kwanza inakueleza mnyama ni yupi, ya pili inakusaidia kumpa jina. Ukianza na ya pili umekwama tayari.
- Maandishi yote, si sentensi moja uliyotumiwa kwenye simu. Unataka kujua yameandikwa nchi gani, mwaka gani, na kwa nani.
- Karatasi yenye safu tano: jinsi, kuhasiwa, kuzaa, umri, kazi.
- Namba ya simu ya mtu anayemfuga mnyama huyo au anayemchinja. Dakika tano za mazungumzo na mchinjaji zinaokoa siku nzima ya kubahatisha.

Programu za kutafsiri zitakupa rasimu, basi. Kwenye maneno ya mifugo huchagua maana inayotumika sana mitandaoni, na mitandaoni wafugaji ni wachache.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kwamba ni mnyama

Majina mengi ya mifugo yana kazi nyingine kabisa. *Calf* ni ndama, na pia ni chafu la mguu, ile misuli ya nyuma kati ya goti na kifundo. Mchezaji aliyeumia *calf* hajaumia ndama. *Buck* ni dume la mbuzi au la sungura, na mitaani Marekani ni dola moja. *Nanny* ni mbuzi jike, na ni yaya. *Ram* ni kondoo dume, ni kugonga kwa nguvu, na ni aina ya pampu inayopandisha maji mlimani kwa msukumo wa maji yenyewe. *Pig* kwenye taarifa za bomba la mafuta ni kifaa kinachopitishwa ndani ya bomba kusafisha na kukagua. *Gilt* ni nguruwe jike ambaye hajazaa; kwenye kurasa za fedha za Uingereza ni hati ya dhamana ya serikali. *Layer* ni kuku wa mayai, na ni tabaka la kitu chochote.

Matatu yanastahili uangalifu zaidi kwa sababu maana zake zote zinaishi bandani, kwa hiyo mazingira hayakusaidii.

Litter. Kwa nguruwe ni watoto wote wa uzao mmoja. Kwa kuku ni matandiko ya sakafu ya banda: maranda, pumba za mpunga. Barabarani ni takataka. *Litter size* ni idadi ya watoto wa uzao mmoja. *Litter depth* ni kina cha matandiko. Ukichanganya hapa, msomaji atapima watoto wa nguruwe kwa sentimita.

Dam. Kwenye kumbukumbu za uzazi ni mama wa mnyama, na mwenzake *sire* ni baba. Kwenye sura ya maji ni bwawa.

Kidding. Kwa watu ni utani. Kwa mbuzi ni kuzaa. *Kidding pen* ni chumba cha mbuzi anayekaribia kuzaa.

Kipimo chake ni rahisi: tazama kitenzi na namba zilizo karibu. Kilo, lita, umri na chanjo vinaashiria mnyama. Ukiweza kusema kwa Kiswahili chako mwenyewe kitu hicho ni nini, bila kutaja neno la Kiingereza, umemaliza hatua hii.

## Hatua ya 2: Mnyama mzima au nyama?

Sisi tunasema nyama ya ng'ombe, nyama ya kondoo, nyama ya nguruwe, na mambo yameisha. Kiingereza kina *beef* kwa ng'ombe, *veal* kwa ndama, *mutton* kwa kondoo mkubwa, *pork* kwa nguruwe. Hayo hayasumbui. Yanayosumbua ni *chicken*, *lamb*, *duck*, *turkey* na *goat*, ambayo ni mnyama na nyama kwa neno lile lile.

Kinachotofautisha ni kile kidude *a* ambacho Kiswahili hakina, ndiyo maana macho yetu hukiruka. *A chicken* ni kuku mmoja mzima. *Chicken* bila kitu mbele, na bila alama ya wingi, kwa kawaida ni nyama ya kuku. *We bought a lamb* ni mwanakondoo aliyefungwa kamba. *We bought lamb* ni kifurushi cha buchani.

Onyo kuhusu *mutton*. Kwa Kiingereza cha India na Pakistan, neno hilo mara nyingi ni nyama ya mbuzi. Matumizi hayo yamesafiri na wapishi hadi mikahawa ya Dubai, Muscat, Mombasa na Dar es Salaam. Ukitafsiri orodha ya vyakula ya mkahawa wa Kihindi ukaandika "biriani ya kondoo", huenda mteja akaletewa mbuzi. Uliza jikoni. Kwenye hati ya kuagiza nyama kutoka Australia au New Zealand, *mutton* ni kondoo bila ubishi.

## Hatua ya 3: Jaza safu tano

Hapa ndipo penye kazi. Kabla ya kuandika neno lolote la Kiswahili, jibu kwa kila mnyama: ni dume au jike? Amehasiwa? Amewahi kuzaa? Ana umri gani? Anafugwa kwa kazi gani? Safu isiyojulikana iache wazi, usiijaze kwa kukisia. Kuna maneno ambayo kweli hayasemi jinsi, na tafsiri yako nayo isiseme.

### Ng'ombe

*Cattle* ni ng'ombe kwa jumla, madume kwa majike, wakubwa kwa wadogo. Daima ni wingi. Kwa sababu Kiingereza hakina neno zuri la ng'ombe mmoja asiyejulikana jinsi, watu husema *cow* kwa yeyote. Kwa hiyo *cow* ina ngazi mbili. Mdomoni mwa mpita njia ni ng'ombe tu. Kwenye kitabu cha mfugaji ni jike aliyekwisha kuzaa. Maandishi yakitaja *cows and heifers* pamoja, ni ngazi ya pili: hapo andika "majike waliokwisha kuzaa na mitamba".

*Heifer* ni mtamba, jike ambaye hajazaa. Lakini wafugaji wa maziwa huendelea kumwita *heifer* hata baada ya kuzaa mara moja, mpaka azae tena. Ukikuta *heifer* ana takwimu za lita kwa siku, huyo ameshazaa: andika "ng'ombe wa uzao wa kwanza". Mtamba ambaye hajazaa hana lita za kuhesabiwa.

*Bull* ni fahali, dume kamili. *Steer* ni dume aliyehasiwa anayefugwa kwa nyama. *Ox* ni ng'ombe wa kazi, kwa kawaida dume aliyehasiwa aliyezoeshwa nira, na huyo ndiye maksai wetu. Usimwite *steer* maksai kwa sababu tu wote wamehasiwa. Msomaji wa Sumbawanga akisikia maksai anaona plau. Kwa *steer* andika "dume aliyehasiwa wa nyama".

*Freemartin* atakushinda usipojua. Ni jike aliyezaliwa pacha na dume, na kwa sababu damu zao zilichanganyika tumboni, zaidi ya 9 kati ya 10 huwa tasa. Kiswahili hakina jina lake, hivyo eleza: "ndama jike aliyezaliwa pacha na dume, aghalabu tasa". Ukiandika "mtamba" tu, mnunuzi atamlisha miaka miwili akisubiri mimba isiyokuja.

Kumbuka pia kwamba *bull*, *cow* na *calf* hutumika kwa tembo, nyangumi na kiboko. *Bull elephant* ni tembo dume.

### Mbuzi na kondoo

*Billy* na *buck* ni beberu. *Nanny* na *doe* ni mbuzi jike. *Kid* ni mtoto wa mbuzi. *Ram* ni kondoo dume, na wakulima wa Uingereza humwita pia *tup*. *Ewe* ni kondoo jike, *lamb* ni mwanakondoo. *Wether* ni dume aliyehasiwa, wa kondoo au wa mbuzi.

Jike aliyekua lakini hajazaa, wa mbuzi au wa kondoo, ana neno zuri kwetu: mfarika. Litumie, ila mara ya kwanza lifafanue, maana vijana wengi hawalijui.

Kwa *wether* usikimbilie ndafu. Neno hilo lipo kwa mbuzi aliyenoneshwa, lakini masikioni mwa watu wengi leo ndafu ni mbuzi mzima aliyebanikwa anayesubiri maharusi. Andika "dume aliyehasiwa". Na kichwa cha habari kisemacho "Mabeberu 40 waingia wilayani" kitasomwa na Watanzania kwa namna ambayo idara ya mifugo haikukusudia. "Mbuzi madume 40" inatosha.

Kondoo pia huitwa kwa meno. *Two-tooth* ana meno mawili ya mbele ya ukubwani, umri wa mwaka mmoja na kitu. *Full-mouthed* ana manane yote. *Broken-mouthed* ni mzee, mengine yameng'oka au yamevunjika. Ni habari ya umri na uwezo wa kula majani, wala si mnyama aliyeumia mdomo.

### Nguruwe

*Boar* ni dume kamili. *Barrow* ni dume aliyehasiwa akiwa mdogo, ingawa neno hilo hilo ni toroli. *Gilt* ni jike ambaye hajazaa, *sow* ni jike aliyezaa. *Farrowing* ni kuzaa kwa nguruwe. *Weaner* ni aliyeachishwa kunyonya.

*Guinea pig* si nguruwe. Ni simbilisi.

### Kuku na jamaa zake

*Hen* ni kuku jike mkubwa. *Pullet* ni tetea, jike mchanga. *Cock* ni jogoo, na Wamarekani husema *rooster* kwa sababu *cock* limegeuka tusi. *Cockerel* ni pora, jogoo ambaye hajakomaa. *Capon* ni jogoo aliyehasiwa, kitu ambacho huku hakifanyiki sana, kwa hiyo eleza tu. *Chick* ni kifaranga. *Broiler* ni kuku wa nyama, au broila kama masokoni wanavyosema. Kwenye kitabu cha mapishi cha Kimarekani ni sehemu ya jiko inayochoma chakula kwa moto wa juu.

*Drake* ni bata dume. *Goose* ni bata bukini, na dume lake ni *gander*. *Guinea fowl* ni kanga.

### Farasi na punda

Mawili tu. La kwanza: *pony* si mtoto wa farasi. Ni farasi wa kimo kifupi ambaye hakui zaidi, kwa kawaida chini ya *14.2 hands*. *Hand* ni inchi 4, na ile .2 ni inchi 2 juu yake, si sehemu ya kumi. Jumla inchi 58, takribani sentimita 147. Mtoto wa farasi ni *foal*.

*Mule* ni mnyama wa punda dume na farasi jike. Kamusi zinasema nyumbu, lakini msomaji wako ataona nyumbu wa Serengeti, kwa hiyo ongeza "chotara wa punda na farasi". Yule *mule* anayebeba dawa za kulevya tumboni, magazeti yetu yameshampa jina: punda.

Karatasi ikiwa na safu tano kwa kila mnyama, na unajua ni safu zipi zilizo wazi na kwa nini, endelea.

## Hatua ya 4: Tafuta nchi ya mwandishi

Neno moja, nchi mbili, wanyama wawili. Angalia vipimo: pauni za uzito na ekari zikijaa na tahajia ni ya *color*, upo Marekani. Kisha pitia haya.

Bullock. Uingereza ni dume aliyehasiwa. Kwenye madaraja ya nyama ya Wizara ya Kilimo ya Marekani ni dume changa *ambaye hakuhasiwa*. India ni ng'ombe wa kukokota jembe na mkokoteni, yaani maksai. Hakuna neno lingine la mifugo linalogeuka kiasi hiki, na kwenye mkataba tofauti hiyo ni pesa.

Hog. Marekani ni nguruwe mkubwa, wa zaidi ya pauni 120, karibu kilo 54. Uingereza ni nguruwe dume aliyehasiwa. Ongeza herufi ya g ikawa *hogg*, na mfugaji wa kaskazini mwa Uingereza anazungumzia kondoo mchanga. *Hogget* ni huyo huyo kondoo, au nyama yake: ameshapita uanakondoo lakini hajafikia *mutton*.

Stag. Porini ni kulungu dume. Kwa mfugaji wa Marekani ni dume wa ng'ombe au nguruwe aliyehasiwa akiwa ameshakomaa. Kwa mfugaji wa Uingereza anaweza kuwa bata mzinga dume.

Bobby calf. Australia na New Zealand. Bobby si mwenye ndama. Ni ndama wa siku chache, mara nyingi dume wa shamba la maziwa, anayepelekwa machinjioni.

Deadstock. Kwenye mnada wa Uingereza, *live and dead stock* ni mifugo pamoja na zana za shamba: matrela, majembe, matangi. Kanada, *deadstock* ni mizoga ya mifugo. Uingereza mizoga hiyo huitwa *fallen stock*. Ukiona *fallen* usiandike "walioanguka". Andika "mifugo iliyofia shambani".

Nchi isipojulikana kabisa, muulize aliyekutumia kazi. Usipopata jibu, andika tafsiri pana, kwa mfano "ng'ombe dume", na umjulishe kwamba neno la asili lina utata. Umefaulu ukiweza kuandika jina la nchi juu ya karatasi yako na kutaja alama mbili zilizokuambia hivyo.

## Hatua ya 5: Fungua neno linalotangulia jina

Vivumishi vya shambani vinaonekana vyepesi, na ndivyo vinavyoharibu tafsiri nyingi kuliko majina yenyewe.

*Dry cow* si ng'ombe mkavu wala aliyekonda. Ameachishwa kukamuliwa makusudi, kwa kawaida siku 60 hivi kabla ya kuzaa, ili kiwele kipumzike. *Open cow* hana mimba. *In-calf* anayo. *Springing heifer* ni mtamba aliyekaribia kabisa kuzaa, kiwele kimeanza kujaa. *Maiden heifer* ni mtamba ambaye hajapandwa. "Mwali", hata ipendeze vipi, usiiandike. *Bulling heifer* ni mtamba aliye kwenye joto, au aliyefikia umri wa kupandwa.

*Suckler cow* ni ng'ombe wa nyama anayemnyonyesha ndama wake mwenyewe, hakamuliwi. *Stock bull* ni dume la mbegu. *Polled* ni asiye na pembe kwa kuzaliwa, tofauti na *dehorned* aliyekatwa. Tofauti hii ina uzito kwa anayenunua mbegu: kutokuwa na pembe kwa asili kunarithiwa, kukatwa hakurithiwi.

*Cull cow* ni ng'ombe anayeondolewa kundini kwa uzee, ugumba au kiwele kibovu. Anauzwa, si lazima awe ameuawa. Kwa wanyamapori *cull* ni kuua kupunguza idadi, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Kwa kuku: *point-of-lay* ni tetea aliyekaribia kutaga, wiki ya 16 hadi 20. *Straight-run* au *as-hatched* ni vifaranga wasiochambuliwa jinsi, karibu nusu watakuwa majogoo. Mfugaji anayetaka mayai akiagiza hao kwa sababu tafsiri ilisema "vifaranga wa moja kwa moja", atagundua siku ya kuwika. *Spent hens* ni kuku wa mayai waliomaliza muda wa kutaga. *Broody* ni kuku anayetaka kuatamia.

Jifunze kuuliza: je, kivumishi hiki kinasema habari ya mimba, maziwa, mauzo au umri? Karibu vyote huangukia humo.

## Hatua ya 6: Andika Kiswahili chenyewe

Kama neno moja la Kiswahili linabeba safu zote ulizojaza, litumie: mtamba, maksai, fahali, beberu, tetea. Kama halibebi, eleza kwa maneno matatu au manne. Maelezo marefu kidogo si aibu. Neno fupi lisilo sahihi ndilo aibu.

Viumbe huchukua upatanisho wa a/wa hata jina likiwa na sura nyingine. Mitamba *wanauzwa*, vifaranga *wamechanjwa*, majogoo *wanawika*. Matangazo yamejaa "vifaranga vinauzwa". Mnunuzi ataelewa, ila mhariri atakurudishia.

*Forty head of cattle* ni ng'ombe 40. Vichwa viache kwa muuza supu.

Majina ya mbegu usiyatafsiri. *Large White* ni aina ya nguruwe, si "mkubwa mweupe". *Boer* ni aina ya mbuzi wa nyama kutoka Afrika Kusini, na "mbuzi wa Makaburu" haisaidii mtu yeyote. *Jersey* ni ng'ombe wa maziwa yenye mafuta mengi, hana uhusiano na jezi. Andika "mbuzi aina ya Boer", "ng'ombe aina ya Jersey".

Misemo ya watu ni kazi nyingine, lakini utaikuta. *Scapegoat* tunaye tayari: mbuzi wa kafara. *Chicken* kwa mtu ni mwoga. *GOAT* kwa herufi kubwa kwenye michezo ni bora kuliko wote. *Sheep* ni mfuata mkumbo, ilhali kondoo wetu ni mpole tu, kwa hiyo kubeba mnyama kama alivyo kunageuza tusi kuwa sifa.

Andiko likisomeka bila mtu kuhitaji kuona Kiingereza chake, hatua hii imefaulu.

## Hatua ya 7: Maelekezo ya dawa, soma mara mbili

Hapa kosa halichekeshi. Chukua sentensi inayotokea kwenye lebo nyingi za Marekani:

*Not for use in female dairy cattle 20 months of age or older.*

Tafsiri inayotolewa ovyo: "Isitumike kwa ng'ombe wanaokamuliwa." Imekosea. Lebo haisemi kukamuliwa, inasema umri. Mtamba wa miezi 22 ambaye hajazaa naye amekatazwa, kwa sababu yuko karibu kuanza kutoa maziwa na dawa inaweza kubaki mwilini. Andika: "Isitumike kwa ng'ombe jike wa aina ya maziwa mwenye umri wa miezi 20 au zaidi, hata kama hajazaa." Kipande cha mwisho hakimo kwenye Kiingereza kwa maneno, ila maana yake imo, na mfugaji anakihitaji.

Nyingine: *Do not use in calves to be processed for veal.* Kiswahili hakina neno la *veal*, kwa hiyo usilitafute: "Isitumike kwa ndama watakaochinjwa wakiwa bado ndama." Na *preruminating calf* ni ndama ambaye hajaanza kucheua.

*Withdrawal period* si kipindi cha kujitoa. Ni muda wa kusubiri tangu dawa ya mwisho mpaka maziwa yauzwe au mnyama achinjwe. Kuna wa maziwa na kuna wa nyama, kila mmoja na idadi yake. Vitenganishe kwa mistari miwili.

Majina ya kitabibu yaweke wazi: *bovine* ni ya ng'ombe, *ovine* ya kondoo, *caprine* ya mbuzi, *porcine* ya nguruwe. *Ovine* huwapotosha wanaokumbuka *ova*, mayai, wakaandika kuku. Dozi za kondoo na kuku hazikaribiani hata kidogo.

Kamwe usiongeze mnyama ambaye lebo haikumtaja, hata kama unajua majirani wanamtumia dawa hiyo. Ulipofika mwisho, hesabu: namba zote za lebo ya asili zimo kwenye tafsiri, na kila namba iko mbele ya mnyama wake.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa tangazo zima

Tangazo la mfano, la mkulima wa Uingereza:

*For sale: 12 store bullocks, 5 in-calf heifers, 3 dry cows, 1 polled stock bull, 40 broken-mouthed ewes, also deadstock.*

Tafsiri ya kukurupuka: "Wanauzwa fahali 12 wa dukani, ndama majike 5, ng'ombe wakavu 3, fahali 1 aliyepigiwa kura, kondoo 40 waliovunjika midomo, pia mizoga."

Baada ya hatua saba:

"Wanauzwa: ng'ombe madume 12 waliohasiwa, wa kununua na kunenepesha, mitamba 5 wenye mimba, ng'ombe 3 walioachishwa kukamuliwa kwa mapumziko ya kabla ya kuzaa, dume 1 la mbegu asiye na pembe kwa asili, kondoo majike wazee 40 waliopungua meno, pamoja na zana za shamba."

Sasa msomee mfugaji kwa simu bila kumwonyesha Kiingereza, umwombe akueleze kila mnyama kwa maneno yake. Akisema wale 12 hawawezi kupanda, wale 3 wana mimba na maziwa hayapo kwa sasa, na wale 40 hawatadumu kwenye malisho magumu, tafsiri imeshika. Akikwama kwa mmoja, usimweleze. Rudi kwenye karatasi, tazama ni safu ipi ya mnyama huyo iliyopotea ulipoandika, uirudishe, halafu msomee tena kuanzia hapo.